Wachongaji wa Wamunyu waitwe mjini

Kituo cha treni cha Syokimau, kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, kimo ndani ya Kaunti ya Machakos, ingawa wengi wa abiria wake hujihesabu kuwa watu wa Nairobi. Kinaitwa kwa jina la nabii wa kike wa Wakamba ambaye, kwa masimulizi ya wazee, aliwatabiria watu wake kwamba atakuja nyoka mrefu kutoka upande wa bahari na kuikata nchi yote, na pamoja naye watakuja watu wenye ngozi ya rangi wasiyoijua. Reli ilipopita Ukambani mwishoni mwa karne ya 19, waliorithi maneno hayo hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza. Leo jina la Syokimau limejaa kwenye mabango ya ploti na nyumba za kupangisha, na vijana wengi wanaomtajia makanga jina hilo kila asubuhi hawajui kwamba ni la mtu.

Kuna msanii aliyeona kwamba mahali pa namna hiyo hapafai kuachwa bila alama. Maggie Otieno, mchongaji wa Nairobi, amejulikana kwa kutumia mataruma ya zamani ya reli pamoja na chuma, na sanamu zake ziliwekwa kwenye vituo vipya vya treni ya abiria, Syokimau kikiwa kimojawapo. Hebu tafakari safari ya kipande kimoja cha mti wa taruma. Kilikuwa msituni, kikakatwa, kikalazwa chini ya reli, kikabeba uzito wa magarimoshi miaka nenda miaka rudi, kikang'olewa kilipochakaa. Kisha mikono ya mwanamke mmoja ikakisimamisha wima mbele ya watu wanaokimbilia kazini. Historia ya mji mzima iko ndani ya ubao mmoja wenye matundu ya misumari.

Ninayaanza makala haya kwa Otieno kwa sababu kazi yake inaonyesha jambo linalowezekana, tena linalowezekana Machakos. Mchongaji anaweza kuutazama mji unavyobomolewa na kujengwa upya, akachukua mabaki yake na kutengeneza kitu cha kuwakumbusha watu walikotoka. Kaunti hii ina wachongaji wengi kuliko mahali pengi Afrika Mashariki. Ina pia mji unaobadilika kwa kasi ya kutisha. Mambo haya mawili hayajakutanishwa ipasavyo, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Tuanze na mji. Kituo cha Machakos, kilichochukua jina la Masaku, mtawala na mwaguzi wa enzi hizo, kilianzishwa miaka kumi hivi kabla ya Nairobi. Waingereza walikifanya makao yao ya kwanza ya utawala barani, John Ainsworth akiwa msimamizi wake, na mwaka 1899 ofisi zikahamishiwa Nairobi kwa kuwa reli ilikuwa imeuacha mji huu pembeni. Kwa miaka mia na zaidi Machakos ikabaki mji wa maduka ya Wahindi, ofisi za serikali, shule na makanisa, chini ya milima ya Iveti na Mua, huku yule mdogo aliyezaliwa nyuma yake akikua na kuwa jiji kuu. Jiji hilo sasa limerudi. Limefika Mlolongo, ambako barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyoanza kutumika 2022, inaanzia. Limefika Athi River kwa viwanda na magorofa. Upande wa kusini, mpakani na Makueni, mji mpya wa Konza umetengewa ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika kaunti hii.

Ila Nairobi haikuja mikono mitupu, na wala haikuondoka mikono mitupu. Mchanga wa mito ya Ukambani ndio ulioshikilia kuta za majengo yake. Kila mkazi wa Machakos anayajua malori yanayoshuka mtoni usiku, na anajua pia visima vilivyokauka baada ya mchanga kwisha, maana mchanga ndio unaohifadhi maji ya mto wakati wa kiangazi. Saruji imesagwa Athi River. Mawe yamechongwa kwenye machimbo ya Katani na Mlolongo. Mtu akisimama katikati ya Nairobi na kutazama juu, sehemu kubwa ya anachokiona ilitoka katika ardhi ya Wakamba.

Vinyago navyo vilitoka huko huko.

Wamunyu ni kituo cha biashara katika eneo la Mwala, kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui. Wakamba walikuwa mafundi tangu kale: walichonga viti vya miguu mitatu na kuvipamba kwa waya wa shaba uliopigwa ndani ya mbao, wakafua mikufu myembamba, wakachora mabuyu. Lakini vinyago vya watu na wanyama tunavyovijua leo vina mwanzo unaoweza kutajwa kwa jina. Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alipelekwa Tanganyika pamoja na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Huko alikutana na wachongaji wa Kizaramo, watu wa nchi inayoizunguka Dar es Salaam, wanaochonga mpingo. Aliporudi kwao alianza kuchonga, jamaa na majirani wakajifunza kutoka kwake, na kabla ya miaka mingi kupita Wamunyu yote ikawa karakana.

Wanunuzi wa mwanzo walikuwa walowezi na maofisa. Vita Vikuu vya Pili vikaleta wanajeshi wa kigeni waliotaka kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani. Baadaye wakaja watalii. Wachongaji wakamfuata mteja: wengine wakahamia Gikomba, Nairobi, wengine wakaenda Changamwe, Mombasa, ambako chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kilijengwa karibu na njia ya uwanja wa ndege. Watafiti waliofuatilia biashara hii katika miaka ya 1990 walikadiria kwamba wachongaji nchini walikuwa wapata 60,000. Ni watu wengi mno kuliko wasanii wote wanaoandikwa kwenye kurasa za sanaa za magazeti yetu, na majina yao hayaandikwi popote.

Ukikaa nao utaona kazi ilivyogawanywa. Kuna anayepasua gogo kwa shoka na kulipa umbo la kwanza. Kuna anayeingia na tezo, akizungusha mguu wa mnyama bila kipimo chochote isipokuwa jicho. Kisha tupa, kisha msasa, kazi ambayo mara nyingi ni ya wanawake na vijana, kisha rangi ya viatu au nta ili mti ung'ae. Fundi mmoja huchonga twiga tu. Mwingine maisha yake yote ni viboko. Familia nyingine inajulikana kwa vijiko na uma za saladi zenye kichwa cha Mmaasai. Kasi yao inashangaza, na inatokana na njaa kadiri inavyotokana na ustadi, kwa kuwa analipwa kwa kipande na mnunuzi wa kati ndiye anayeamua bei.

Hapa nasema bila kusita: soko limewanyima wachongaji hawa haki ya kuona. Mtu ameishi Gikomba miaka mingi. Ameshuhudia soko likiungua na kujengwa upya, likiungua tena na kujengwa tena. Amepanga chumba cha mabati, akaona jirani yake akiondolewa ili ghorofa lisimame, ameona barabara ikipanuliwa na vibanda vikibomolewa usiku. Anaujua mji kwa ngozi yake. Lakini mikono yake imefungwa kwenye twiga, mnyama ambaye huenda alimwona mara chache dirishani mwa basi, kwa sababu mgeni anayeshuka ndege hanunui sanamu ya mama anayehamisha godoro kutoka nyumba iliyobomolewa. Novemba 2011 matingatinga yalivunja nyumba za watu Syokimau, watu wa tabaka la kati waliokuwa na hatimiliki mkononi, na picha zao wakikaa juu ya vifusi zilienea nchi nzima. Tukio kama hilo lilistahili mchongaji. Wachongaji walikuwapo, kaunti hiyo hiyo. Hakuna aliyewaagiza.

Kwamba vipaji vya namna hiyo vinaweza kufunguka, ushahidi upo. Samwel Wanjau alianza na vinyago vya kuwauzia watalii kabla ya kufika Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, na huko akapata nafasi ya kuchonga alichokiona na kukiamini, kwa mti, jiwe na saruji. Kioko Mwitiki alichukua vyuma vya mapipa na mabaki ya gereji akavichomelea kuwa ndovu wa ukubwa wa ndovu. Cyrus Kabiru akatengeneza miwani ya kuvaliwa usoni kutokana na takataka za jiji. Dennis Muraguri ameifanya matatu kuwa somo la kazi yake kwa miaka mingi. Wote hawa wameitazama Nairobi jinsi ilivyo. Tofauti yao na fundi wa Wamunyu haiko kwenye kipaji. Fundi wa Wamunyu huenda anawashinda kwa tezo. Tofauti ni nafasi, na mteja anayesubiri kazi badala ya kuagiza mia moja zinazofanana.

Mbao zenyewe zinasimulia mabadiliko haya. Mpingo ulipungua zamani. Muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri, ulikatwa katika misitu ya karibu na Nairobi na ya Pwani kama Arabuko-Sokoke hadi wahifadhi wakapiga kelele. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na kampeni ya kuwahimiza wachongaji watumie miti inayokua haraka: mwarubaini, mwembe, jakaranda, mgrevilea. Tazama orodha hiyo vizuri. Mwarubaini na mwembe ni miti iliyotoka Asia, jakaranda ilitoka Amerika Kusini, mgrevilea ulitoka Australia. Ni miti ya mashamba, ya nyua za nyumba, ya kandokando ya barabara za mji. Sharti ikaushwe vizuri, la sivyo hupasuka ikifika nchi za baridi, na wachongaji wengi wamepata hasara kwa kuuza kazi kabla mti haujakauka. Hata hivyo ndiyo njia iliyobaki. Mji unapopanuka hukata miti yake yenyewe. Wakati wa ujenzi wa Expressway miti mingi ya barabarani iliangushwa, na mgumo mmoja wa Waiyaki Way ukaokolewa Novemba 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya wananchi kupinga. Kaunti yenye wachongaji ingekuwa na utaratibu: mti wa umma ukikatwa kwa ajili ya barabara, gogo lipelekwe kwa ushirika wa wachongaji, likaushwe, lirudi mjini likiwa na umbo. Kwa sasa gogo kama hilo huishia kuwa makaa.

Historia ya majumba yetu makubwa nayo inatufundisha. KICC, jumba la mikutano la Nairobi lenye orofa 28 lililojengwa kati ya 1967 na 1973, lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa msanifu majengo. Ni jengo ninalolipenda kwa dhati. Lina umbo ambalo mchongaji angejivunia, mnara wa pande nyingi ukisimama kando ya ukumbi wenye paa la pembe kama la msonge. Lakini sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyoketi uani mwake ilitengenezwa na Mwingereza, James Butler. Ni sanamu nzuri. Ninachokitazama mimi ni umbali: kutoka uani hapo hadi Gikomba, ambako mamia ya Wakamba walikuwa wakichonga mchana kutwa, ni mwendo wa miguu. Taifa la miaka kumi lilipotaka uso wake wa shaba liliagiza ng'ambo. Tumesonga mbele tangu hapo. Sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa 2007 ilifanywa na Kevin Oduor, na ile ya Tom Mboya ya 2011 na Oshoto Ondula, na zote mbili zimekuwa mahali pa watu kukutania katikati ya jiji.

Pwani walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita. Nenda Lamu, mji mkongwe ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, utazame mlango mmoja tu. Mwashi na mchongaji walifanya kazi moja. Miimo imejaa nakshi za mawaridi na minyororo, na ndani ya nyumba zidaka za chokaa zimepangwa ukutani kwa hesabu ya jicho lililozoea. Hakuna aliyeuona uchongaji kama pambo la kununuliwa baada ya nyumba kwisha. Mlango uliagizwa pamoja na nyumba, na heshima ya mwenye nyumba ilisomwa mlangoni. Machakos ilikuwa na mafundi wa kiwango hicho, lakini kazi yao ilitoka ikiwa imefungwa magazeti ndani ya sanduku la mgeni. Kwa muda wa miaka mia moja tumepeleka uzuri wetu Ulaya na Marekani, nasi tukabaki na kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu.

Sisemi Wakamba hawakuichonga nchi yao. Mtu akipanda Iveti akatazama chini ataona matuta yaliyochimbwa kwa mikono, mistari na mistari, kila mmoja ukifuata mwili wa mlima. Watu walichimba kwa njia ya fanya juu, wakirusha udongo upande wa mlimani, na kitabu cha 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kiliithibitishia dunia kwamba Machakos iliponya ardhi yake wakati idadi ya watu ilipokuwa ikiongezeka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sanamu kubwa kuliko zote nchini Kenya. Sasa baadhi ya matuta hayo yanasawazishwa kwa matrekta ili ploti za hamsini kwa mia zikatwe, na hakuna msanii aliyepewa jukumu la kuyaweka kwenye kumbukumbu kabla hayajatoweka.

Je, kifanyike nini? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwakabidhi magavana na mabunge ya kaunti shughuli za utamaduni na pia mipango ya maendeleo ya kaunti. Mamlaka yote mawili yako mkono mmoja. Machakos imejenga bustani ya People's Park kando ya bwawa la Maruba, imekarabati uwanja wa Kenyatta, ina chuo kikuu chake. Mahali pa kuweka kazi papo. Ufaransa, tangu 1951, imekuwa na kanuni ya kutenga asilimia moja ya gharama za majengo fulani ya umma, kwanza shule, kwa ajili ya kazi za wasanii, na miji mingi duniani imeiga. Bunge la Kaunti ya Machakos likipitisha sheria ya namna hiyo, soko la shilingi milioni 200 litakuwa na shilingi milioni 2 za mchongaji, fedha ambazo zitabaki Mwala na Masinga badala ya kununulia marumaru kutoka nje.

Najua pingamizi. Mti ukikaa mvuani huoza, na mchwa wa Ukambani hawana huruma. Basi mti uwekwe panapoufaa: milango ya mahakama na maktaba, dari za kumbi, mabenchi chini ya veranda za hospitali, nguzo za masoko yenye paa. Nje itumike saruji ya Athi River na mchanga wetu wenyewe, na chuma cha wachomeleaji wa jua kali. Fundi anayeweza kutoa kiboko ndani ya gogo la muhuhu ataweza kuchonga ubao wa mfano ambao utatiwa saruji au kuyeyushiwa chuma. Anachohitaji ni mafunzo ya miezi michache na mwalimu anayejua. Na asipewe orodha ya wanyama. Apewe Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kutembea hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao. Apewe mama wa mtoni na punda wake wa maji, dereva wa lori la mchanga, mpangaji wa Mlolongo aliyebeba mzigo kichwani. Apewe Mutisya Munge mwenyewe.

Kuna jambo la haraka zaidi. Wazee wa Wamunyu waliojifunza kutoka kwa kizazi cha kwanza wanaisha, na watoto wao wanaona heri bodaboda, kwa kuwa bodaboda hulipa jioni ya siku hiyo hiyo. Siwalaumu. Kijana hawezi kurithi tezo linalomlaza njaa. Lakini akiona jina la baba yake limechongwa chini ya sanamu iliyo mbele ya kituo cha mabasi cha Machakos, akaona na fundi aliyeifanya amelipwa, hesabu zake zitabadilika.

Kaunti itatangaza zabuni nyingine karibuni, ya soko, hospitali au jengo la ofisi. Tunaomba mhandisi na msanifu majengo wasikae peke yao kwenye kikao cha kwanza. Mchongaji wa Wamunyu aitwe mezani kabla ramani haijapigwa muhuri.